Barua kwa Mjomba, kutoka Kunduchi



Kabla sijapanda basi pale Musoma uliniagiza jambo moja: niitazame ngalawa kwa macho yangu, nikueleze chombo chembamba namna ile kinahimilije mawimbi ya bahari. Nimefikia kwa dada, Temeke. Jumamosi alfajiri nikapanda daladala mbili kulikata jiji zima, ya pili ikienda Tegeta, nikashuka Mtongani na kumalizia kwa bodaboda hadi ufukweni Kunduchi.

Ngalawa ni gogo la mwembe lililochongwa, tumbo lake jembamba hata mtu mzima akikaa magoti hugusa kuta. Siri yake iko nje. Juu yake imelazwa miti miwili inayotokeza kulia na kushoto, na kila upande mwisho wa miti hiyo umefungwa ubao. Wenyewe wanaita mirengu. Upepo ukilijaza tanga na chombo kikainama, ubao wa upande ule hukanyaga maji na kukiinua. Nilimkuta mzee mmoja anakaza kamba za ngalawa yake, nikamuuliza kwa nini asipigilie misumari. Akasema palipo na mchezo msumari hulegea na kupanua tundu, lakini kamba ikilegea unaikaza.

Mnadani palikuwa na changu, vibua na pweza, na akina mama wakaangaji wamesimama na mabeseni wakisubiri bei ishuke. Nilipotoka kunywa chai, bahari haikuwepo. Imerudi nyuma mbali sana, vyombo vimelala ubavu kwenye mchanga na watoto wanaokota chaza pale palipokuwa na kina. Nilijua habari za kupwa na kujaa tangu shule. Kuyaona maji yakiondoka ni habari nyingine.

Ndipo nikaenda makaburini. Hapa ningependa uwepo, Mjomba. Chini ya mibuyu kuna magofu ya msikiti wa kale, wa karne ya 15 au 16, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sultani Majid alipoanza kuujenga mji wa Dar es Salaam miaka ya 1860, watu wa Kunduchi walikuwa wameshaswali na kuzikana hapa kwa vizazi vingi. Kandokando yapo makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo ndefu, na ndani ya chokaa ya nguzo hizo waashi walipachika bakuli na sahani za kaure, nyingine zimetoka China. Mtu alivuka bahari na chombo cha chakula, kikaishia kuwa pambo la kaburi la mpendwa. Bakuli nyingi hazipo tena. Limebaki duara tupu ukutani. Nilitia kiganja ndani ya duara moja, nikamkumbuka bibi na lile bakuli lake la bati lenye maua, ambalo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulinywea uji. Sijui nilisimama pale muda gani.

Nikirudi nilipita kituo kinachoitwa Afrikana. Jina hilo ni la hoteli iliyokuwa ufukweni huko, ya enzi za watalii wa kwanza wa pwani hii. Bahari ilikuwa ikiumega ufuko mwaka hadi mwaka, hoteli ikafa. Wataalamu waliochunguza walitaja sababu kadhaa, na mojawapo imenikaa kooni: mchanga. Mito midogo kama Tegeta na Mbezi ndiyo inayoulisha ufuko kwa mchanga wake, nasi tunauchota mitoni kabla haujafika baharini, tukafyatue tofali. Nyumba ya dada ni ya tofali hizo. Usiku ule nililala nikiugusa ukuta. Sidai kwamba watu wasijenge, lakini naumia kwamba mchanga unapandishwa kwenye malori mchana kweupe, na mvuvi wa Kunduchi, ambaye ndiye atakayehama, hajaulizwa.

Mbudya sikwenda, nimekiona tu kisiwa chenyewe ng'ambo. Tangu 1975 ni hifadhi, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kwa ajili ya matumbawe ambako samaki huzaliana. Wavuvi wa hapa bado wanayataja mabomu ya baruti ya kuvulia samaki kwa uchungu, kama wewe unavyowataja wale wanaovua kwa sumu.

Yule mzee wa kamba aliponiaga aliuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia ziwani, maji hayapwi wala hayajai. Akashangaa: sasa mnajuaje siku za kwenda? Yeye huhesabu mwezi, mwandamo na mpevu, apate bamvua. Nikamwambia Mjomba wangu naye huhesabu mwezi, ila anautafuta usiokuwepo, maana dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi ikiwaka mnakaa nyumbani. Akanyamaza, kisha akauliza siku hizo zote za mwanga mnafanya nini. Nilimjibu mnashona nyavu. Alitaka kujua zaidi, nami nilikuwa sina. Nimemwahidi nitakuuliza, na Jumamosi ijayo nitampelekea jibu lako.