Amplifaya ya milioni kumi Sumbawanga: mzazi atoe?

Kutoka Tunduma hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200 za lami, na kadiri basi linavyoiacha Laela na kuikaribia Mpui ndivyo abiria wanavyofunga madirisha mmoja mmoja. Huku ni juu. Uwanda wa Ufipa umekaa kama meza kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, na mji wenyewe uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai watoto huenda shule wamevaa sweta juu ya sweta. Maana ya jina la mji utaambiwa kabla hujauliza: sumba wanga, yaani tupa uchawi. Mgeni hucheka kidogo, kisha hutafuta chai ya moto.

Kwangu mimi kinachoupa mji huu utamu ni Jumapili. Mapadre Weupe walianza kazi Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kutoka pale Ukatoliki ukapanda hadi huku juu. Baadaye wakaja Wamoraviani na wengine wengi. Matokeo yake ni mji wa kwaya. Ukitembea Kizwite saa tatu asubuhi unasikia kinanda huku, ngoma kule, na katikati ya yote gitaa la solo likikimbia juu ya besi. Kila kwaya ina kijana wake wa gitaa. Na kila kijana wa gitaa ana simu.

Simu ndiyo iliyomleta baba mmoja kwenye mazungumzo yetu. Ni mkulima wa mahindi na maharage, na mwanawe amemaliza kidato cha sita, anapiga solo kwaya ya vijana. "Hivi mwandishi," aliniuliza, "amplifaya ya gitaa inaweza kuuzwa milioni kumi?" Kijana alikuwa amemwonyesha picha. Hakuomba inunuliwe kesho, baba alisisitiza, bali ameomba sehemu ya fedha za mavuno ianze kuwekwa. Tatizo ni kwamba fedha hizo zina mwenyewe tayari. Serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini chuo bado kina ada, na mahindi ni yale yale.

Nilimjibu kwamba ndiyo, inauzwa. Kama inastahili bei hiyo, hilo ndilo lililonichukua siku tatu za kuzunguka mji.

Amplifaya anazoziota kijana hutoka kwenye karakana ndogo za Marekani na Uingereza. Zinaunganishwa waya kwa waya kwa mkono, na nyingi hutumia valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama globu, ambavyo redio zetu ziliviacha zamani transista zilipoingia. Kampuni ya Matchless, iliyoanzishwa Los Angeles mwaka 1989, huuza amplifaya yake ya DC-30 kwa zaidi ya dola 4,000. Hapo ndipo milioni kumi inapotokea, na usafiri na ushuru bado. Tena hiyo si ya juu kabisa. Alexander Dumble, fundi wa California aliyefariki Januari 2022, aliunda amplifaya chache sana maishani mwake, na leo moja huweza kuuzwa kwa dola zaidi ya 100,000. Kwa fedha hiyo Sumbawanga unajenga nyumba, unanunua trekta, na chenji inatosha harusi.

Mnunuzi anapata nini? Anapata saa nyingi za mikono ya fundi, transfoma nzito, sanduku la mbao lililofungwa vizuri, na mpangilio wa ndani ambao fundi mwingine anaweza kuufungua na kuuelewa. Hivyo ni vitu vya kweli. Ila sehemu kubwa ya bei, kwa maoni yangu, ni uchache na jina. Michoro ya saketi mara nyingi si mipya. Mingi ni wajukuu wa Fender na Vox za miaka ya 1950. Hata Marshall ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitokana na mchoro wa Fender Bassman.

Sauti nayo ipo, tusimdanganye kijana. Valvu ikisukumwa hadi ukingoni haipasui sauti ghafla. Inailainisha, na mpigaji anahisi chombo kinaitikia vidole vyake. Anayepiga rock au blues ana sababu ya kuitafuta. Sasa sikiliza solo ya kwaya zetu, au ya dansi la zamani. Inataka sauti safi, kavu, inayong'aa, kila uzi uhesabike. Kwa kazi hiyo wapo wapigaji maarufu duniani wanaotumia Roland JC-120, amplifaya ya transista iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1975 na inayotengenezwa hadi leo. Bei yake haifiki nusu ya ile ya kijana. Nayo pia, kwa mkulima wa Ufipa, ni fedha nyingi.

Wazazi wenye umri wangu watakumbuka jinsi bendi zetu zilivyokuwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi: magitaa, amplifaya na spika vyote vilikuwa vya chama. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, vyombo vyake vilikuwa vya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwanamuziki akihama anaacha kila kitu jukwaani na kuondoka na vidole vyake. Mwaka 1985 wanamuziki sita wa Mlimani Park walikwenda Orchestra Safari Sound, Muhidin Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwamo, na mashabiki wakawafuata. Hakuna aliyeuliza amplifaya imebaki wapi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna mfano mkali zaidi: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Katanga akiwa na gitaa kavu, bila umeme wowote, na wapiga gitaa bado wanaumiza vichwa kuiga vidole vyake.

Baba alipomweleza mwanawe haya, alijibiwa kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jibu zuri. Lakini amplifaya hizi zinajitembeza kwelikweli. Kila ukifungua simu zipo.

Halafu kuna umeme. Kwa miaka mingi Sumbawanga imewaka kwa umeme unaonunuliwa Zambia na kuletwa kupitia Mbala, kwa sababu gridi ya Taifa haikufika huku. Ujenzi wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma ndio unaotarajiwa kubadili hali hiyo. Mwenye friji anajua umeme mdogo jioni ni nini, na anajua umeme uliokatika ukirudi kwa kishindo hufanya nini. Valvu hazipendi mambo hayo. Volti zikipanda zinachoka mapema, zikishuka sauti inafifia. Zaidi ya hapo, amplifaya iliyoundwa kwa soko la Marekani inataka volti 120 wakati ukutani kwetu kuna 230, kwa hiyo bila transfoma ya kushusha, milioni kumi zinaweza kuondoka kwa moshi mara moja. Valvu za akiba? Viwanda vinavyozitengeneza leo ni vichache, Urusi, Slovakia na China. Kwaya ikialikwa Muze au Mtowisa, bondeni Rukwa, chombo kinapakiwa nyuma ya gari na kuteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa, kikirukaruka na viti vya plastiki. Vichupa vya kioo, tafadhali.

Mtaa wa pili kutoka sokoni nilimkuta fundi redio, na hapo ndipo nilipoona jambo lililonichekesha. Mbele ya kibanda chake kuna amplifaya za kuundwa kwa mkono. Transfoma imetoka kwenye chombo kilichokufa, transista ni mpya, sanduku limerandwa na seremala jirani, na waya zote amezichomelea mwenyewe, moja moja. Bei yake ni ya malaki, si ya mamilioni. Yaani Marekani kilichoundwa kwa mkono ndicho ghali kuliko vyote; Sumbawanga ndicho anachonunua asiye na fedha, na kijana anaona aibu kukipandisha madhabahuni kwa sababu hakina nembo.

Ufipa imewahi kuyaona haya. Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma hodari. Walijenga tanuru refu la udongo, ilungu, lenye kimo cha karibu mita tatu, lililovuta hewa lenyewe bila mivukuto, kisha chuma kikasafishwa mara ya pili kwenye tanuru dogo, kintengwe. Lilikuwa jembe la siku nyingi na jasho la watu wengi. Majembe ya kiwandani yalipoenea kwa bei ndogo, matanuru yakazimika, na mabaki yake bado yanaonekana vijijini. Sisemi watu walikosea kununua jembe la bei nafuu; mtu ana shamba la kulima. Nasema tu kwamba ujuzi wa mikono ukiwa mtaani kwako huonekana wa kawaida, na ukiwa mbali huitwa wa pekee na kupandishwa bei.

Sifurahii kila kitu cha fundi wetu, maana kuna jambo moja ambalo mzazi asilifanyie ubahili hata kidogo: ethi. Mpiga gitaa la umeme ameshika nyuzi za chuma, na mdomo wake uko karibu na maikrofoni. Kama amplifaya haina waya wa ethi, au plagi ya pini tatu imekatwa ili iingie kwenye soketi ya mbili, mwili wake ndio unaweza kuwa njia ya umeme. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni huku ameshika gitaa, kwa sababu chombo hakikuwa na ethi. Tena kama kijana wako amepata amplifaya ya valvu ya mtumba, asiifungue kwa udadisi. Ndani mna volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Kwa hiyo nilimwambia baba yule hivi. Fedha ya kwanza iende kwa fundi umeme apime ethi ya kanisa na aweke nondo ya shaba ardhini kama haipo. Ya pili inunue stabilaiza. Ya tatu spika nzuri, kwa sababu spika mbovu huharibu hata amplifaya ya Dumble. Amplifaya iwe ya transista, ya kiwandani au ya fundi, ilimradi ikiharibika Ijumaa iweze kulia Jumapili. Nyuzi mpya zisisahaulike. Mahindi yanayobaki yaende chuo. Kijana akija kuwa mpigaji wa kulipwa, mwenye studio na wateja wanaolipia sauti ile, ataijua thamani yake kwa hesabu zake mwenyewe na atanunua kwa jasho lake, sitamcheka.

Kijana hakufurahi sana. Aliuliza kama anaweza kuchagua rangi ya sanduku. Akaruhusiwa.

Siku ya kuagiza nilikwenda nao. Baba alikagua waya wa ethi mara mbili, akapunguziwa bei kidogo, kisha akauliza kuhusu waranti. Fundi alisema yupo kibandani Jumatatu hadi Jumamosi. Na Jumapili je? Jumapili, alisema, anakaa benchi la tatu kutoka mbele, kwa hiyo ikianza kukwaruza atakuwa wa kwanza kusikia.