Walisema Ana Mimba, Kumbe Ni Jiko: Ubuyu wa Mdada wa Kirikuu cha Itaka

Haya wadau, ubuyu wa Songwe umetua mezani. Leo hakuna majina, maana wahusika wapo, wanaishi, na wana ndugu wanaoshinda mtandaoni. Ila kama wewe ni mtu wa Itaka au Mlowo, au umewahi kukaa foleni ya Tunduma ukala chipsi saa nane usiku, unaweza ukajua anasemwa nani. Ukimjua, bakia nayo moyoni.

Mdada mwenyewe ana miaka ishirini na kitu. Alianza na meza ya chipsi pale Itaka, jiko la mkaa na karai moja. Msimu wa kahawa ukifika Mbozi hela inatembea, na yeye hakuila yote. Alicheza mchezo na wenzake miaka miwili, zamu yake ikafika, akanunua kirikuu cha mkononi. Fundi bodi akamjengea boksi la bati nyuma: dirisha la kuuzia upande wa kushoto, kabati, jiko la gesi la pleti mbili upande wa kulia, na benchi linalokunjuliwa linakuwa kitanda. Rangi pinki. Picha zake zilitembea mpaka Mbeya.

Ratiba yake ilikuwa hivi: siku za kawaida yupo Itaka, wikiendi anashuka Mlowo, anakamata lami ya TANZAM, anapita Vwawa mpaka Tunduma. Kule wateja wake ni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, Zambia. Kile kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, lakini malori ni mengi na foleni bado ni foleni, na dereva mwenye njaa hachagui saa. Yeye na mdogo wake wa kike walikuwa wanauza mpaka usiku mnene, halafu wanafunga dirisha, wanalala humohumo.

Sasa ingia shemeji yetu. Mchumba wake ni MC wa harusi, kijana wa suti na maneno matamu. Siku ya kuzaliwa ya bibie akamletea zawadi: kofia ya jiko yenye feni na taa, iliyotolewa kwenye gari la kulala watalii, ya kutumia betri ya gari. Ikafungwa juu ya jiko, ikawashwa, ikaposti. Na kwa nje, upande uleule wa kulia, MC akabandika stika kubwa ya sura zao wawili wanacheka. Wadada wa mjini wakasema wivu tu.

Shida ilianza Juni, ule msimu wa baridi ambao Mbozi ukitoka nje bila sweta unajuta. Mwanzoni walikuwa wanapika mlango wa nyuma ukiwa wazi. Baridi ikaja, wakaanza kufunga mlango na kuacha dirisha nusu. Kwani tatizo nini, si mashine ya kuvuta moshi ipo? Na usiku Tunduma, wakishamaliza kuuza, walikuwa wanaingiza kijiko cha mkaa ndani ili wapate joto la kulalia.

Bibie akaanza kuumwa kichwa. Kizunguzungu. Kichefuchefu. Siku moja akatapika pembeni ya gari mbele ya wateja, na hapo ndipo mji ulipopata kazi. "Tayari huyo." "Mimba ya mwezi wa pili hiyo." Wengine wakaenda mbali zaidi, wakasema si ya MC, ni ya dereva mmoja wa lori. Mama mkwe mtarajiwa akasikia, akapiga simu kwa mwanae. MC naye badala ya kumuuliza mwenzake vizuri, akanuna wiki nzima. Harusi ilikuwa imepangwa Desemba, kamati imeshakaa, na hapo ikaanza kuyumba kwa ajili ya kutapika kumoja.

Bibie akaenda zahanati. Akapimwa mimba, hakuna. Malaria, hakuna. Kile kidude cha kubana kidole kikaonyesha oksijeni iko vizuri kabisa. Angekuwa mtu mwingine angerudishwa na panadol. Lakini nesi aliyemhudumia, mama wa makamo, akamuuliza swali dogo: "Mwanangu, kichwa kinauma ukiwa wapi, na kinapoa ukiwa wapi?" Bibie akafikiria. Kinauma kwenye gari, kikizidi usiku. Akiwa nyumbani siku ya mapumziko, hana kitu. "Na nani mwingine anaumwa hivyohivyo?" Mdogo wangu, akajibu. Nesi akatikisa kichwa. Mimba haiambukizi mtu na mdogo wake.

Hapa tulia kidogo, maana hapa ndipo kuna uhai wa mtu. Moto wowote ukiwaka bila hewa ya kutosha, uwe wa gesi, mkaa au kuni, unatoa hewa inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikukohozi. Inaingia kwenye damu na kukamata sehemu ya oksijeni, na inashika kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo damu inazunguka lakini haijabeba kitu cha maana. Mwanzo wake ni kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwisho wake ni usingizi ambao mtu haamki. Na kile kidude cha kidole kinadanganyika, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba hiyo sumu. Ndiyo maana swali la nesi lilikuwa na thamani kuliko kipimo.

Mkaa wa kulalia ukapigwa marufuku siku hiyohiyo. Lakini jiko je? Bibie akamwita fundi wa kuchomelea pale Itaka, akafungua ile kofia, akacheka kwa huzuni. "Dada, hii haitoi moshi nje. Inauzungusha." Ni kweli. Kofia nyingi za magari ya kulala zimetengenezwa hivyo: feni inavuta moshi, inaupitisha kwenye chujio la mafuta na chujio la mkaa maalumu wa kupunguza harufu, halafu inautemea mulemule ndani kupitia matundu ya mbele. Harufu ya kitunguu inapungua. Mvuke unabaki. Ile sumu inabaki. Kwa kifupi, walikuwa wanafunga mlango kwa kuamini mashine ambayo inawarudishia moshi wao wenyewe usoni.

Dawa ikawa moja: kutoboa bodi na kupeleka bomba nje. Na bomba likitakiwa kuwa fupi na lililonyooka, tundu linaangukia wapi? Ukutani nyuma ya kofia, upande wa kulia. Katikati ya stika. Na ukipima vizuri, kwenye sura ya MC.

MC akawaka. Hela ya zawadi, hela ya stika, halafu unanitoboa uso mji mzima uone? Akapendekeza watoboe paa. Fundi akakataa, akasema paani inawezekana, lakini bomba litakuwa na kona mbili na mvua ya Songwe itatafuta njia. MC akasema basi waache, kichwa kitapoa chenyewe. Bibie hakubishana. Alimwambia tu, "Njoo wikiendi hii unisaidie kuuza Tunduma. Tufunge kama tunavyofungaga." Akaja. Masaa mawili ya kukaanga, feni inanguruma, mlango umefungwa. Shemeji akatoka nje anashika kichwa kwa mikono miwili, akakaa chini kwenye kokoto na suruali yake ya kadeti. Jumatatu alimpigia fundi yeye mwenyewe.

Kazi ilivyofanyika, kwa wenye vibanda vya bati, kontena na magari ya chakula, someni hapa vizuri. Kwanza betri ilichomolewa waya na mtungi wa gesi ukatolewa kabisa nje, kabla cheche yoyote haijaruka. Fundi akatafuta mahali ambapo hapana chuma cha fremu wala waya, akatoboa kitundu kidogo kutokea ndani, akaenda nje kuhakikisha. Ndipo akachora duara la upana sawasawa na mdomo wa feni, maana bomba jembamba linaikaba feni. Akakata, akapiga tupa kingo, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Bomba ni la chuma, siyo plastiki, kwa sababu linapita joto na mafuta. Pembeni likazibwa na silikoni inayohimili joto. Kwa nje likawekewa kifuniko kinachoinuka feni ikipuliza na kujifunga ikizimwa, mdomo ukiangalia chini, na wavu wa kuzuia wadudu na panya. Kule ndani, yale matundu ya mbele yakazibwa kabisa. Chujio la mkaa likatolewa, la mafuta likabaki, na linaoshwa kila wiki, kwa sababu mafuta yakijaa hapo yanashika moto.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ukivuta hewa kwenda nje, lazima hewa nyingine iingie, la sivyo feni itazunguka bure. Kwa hiyo fundi alikata matundu mengine chini, karibu na sakafu, yenye wavu. Hayo yana kazi mbili. Yanaingiza hewa safi, na gesi ikivuja ina pa kutokea, maana gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Mtungi ukahamishiwa kwenye kisanduku chake kinachofunguka kwa nje tu.

Kujaribu, wakawasha feni na kushika tishu chini ya kofia. Ikanyonywa ikaganda. Nje, mkono ukapata hewa ya moto na harufu ya chipsi. Gharama yote haikufika bei ya shoni za kamati ya harusi.

Na mji? Mji ukaona tundu kwenye uso wa MC, ukasema wameachana na mdada katoboa kwa hasira. Safari hii MC alijibu mwenyewe. Alisimama pembeni ya stika, bomba limetokea pale palipokuwa na mdomo wake, akaposti na kuandika kwamba sasa anatoa moshi kama gari bovu ila mchumba wake analala na kuamka. Watu wakacheka, umbea ukafa. Desemba imebaki palepale.

Wadau, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Serikali nayo ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Safi sana. Lakini gesi ndani ya boksi lililofungwa bado ni moto unaokula hewa yako. Moto ukiwa wa bluu ni dalili nzuri, ukiwa wa njano unaopaka sufuria masizi, ita fundi. Mkaa ndani ya chumba cha kulala, hata mara moja, hapana. Na mkianza kuumwa kichwa wote kwa pamoja mahali pamoja, tokeni nje kwanza, wote, ndipo mtafute sababu.

Swali la leo: ni wangapi tumeshampa mtu mimba ya mdomo, na mwenzetu alikuwa anakosa hewa?