Kupima Kabla ya Kuhukumu: Funzo Tulilolipata kwa Kompyuta Iliyochemka

Miongoni mwa makosa ambayo mwalimu huyatenda pasipo kuyaona ni lile la kutoa hukumu kabla ya kupima. Kwa miaka kadhaa tumewaonya wanachuo wetu walikwepe kosa hilo, na hata hivyo tulilitenda sisi wenyewe, mbele ya wanachuo haohao. Tumeonelea tulieleze hapa bila kuficha, kwani lilitufunza mengi. Na kwa kuwa jambo lenyewe, yaani namna ya kupunguza joto la prosesa ya kompyuta, ni somo zuri la sayansi kwa yeyote atakayefundisha shule ya msingi.

Tulikuwa na kompyuta ya mezani ya aina itumiwayo kwa michezo, tuliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Tuliichagua kwa sababu ina uwezo wa kuchora picha upesi, nasi tulitaka kutengenezea picha na filamu fupi za kufundishia. Tuliiweka katika chumba cha zana, ndani ya kabati lililoegemea ukuta. Siku za kazi tuliitumia sisi. Jumamosi jioni tuliwaruhusu wanachuo wacheze mchezo wa kandanda.

Jumamosi moja feni zake zilianza kuvuma kama mashine ya kusaga, wachezaji wa kwenye kioo wakawa wanakwenda kwa kukwamakwama, kisha kompyuta ikazimika ghafla. Tuliitwa. Tulipoligusa sanduku na kuliona ni la moto, tulimgeukia mwanachuo aliyekuwa akicheza, tukamwambia mbele ya wenzake kuwa ameiua mashine ya kazi kwa upuuzi wa michezo, na kwamba asiikaribie tena. Hakujibu neno.

Jumatatu alikuja mlangoni petu. "Shikamoo, mwalimu," alisema, nasi tukamwitikia. "Naomba kuuliza, mwalimu. Ilipozimika, joto lilikuwa nyuzi ngapi?"

Hatukuwa na jibu. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesahihisha andalio lake la somo, tukamwandikia kwa wino mwekundu kwamba mtoto asiambiwe tu kuwa maji ni ya moto, bali apime mwenyewe na aseme ni nyuzi ngapi. Wahenga walisema mganga hajigangi. Tulimkaribisha aketi, tukakubaliana kuichunguza kompyuta pamoja, na kuandika daftarini kila tutakachokiona.

Kabla ya kueleza tulichofanya, yafaa msomaji aelewe joto hilo hutoka wapi na hupita wapi. Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa ya kompyuta ya michezo ikiwa kazini huweza kutumia wati 100 au zaidi, sawa na taa ya zamani ya balbu kubwa, ambayo haishikiki kwa mkono. Joto lote hilo huzaliwa katika kipande cha silikoni kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Ili litoke, hupita kwanza katika kifuniko cha chuma cha prosesa, kisha katika uji mzito wa kijivu ambao mafundi huuita pesti, kisha katika kipozeo, yaani kitalu cha shaba au alumini chenye mabamba membamba mengi. Hapo feni huyapuliza mabamba, na hewa iliyopata moto hutolewa nje ya sanduku. Njia hiyo ikizibwa mahali pamoja tu, joto hurundikana.

Watengenezaji huiwekea prosesa kikomo cha joto, aghalabu kati ya nyuzi 90 na 100 za Selsiasi. Ikikifikia, hujipunguzia mwendo ili isiungue; ikiwa hata hivyo joto halizuiliki, hujizima. Basi kule kuzimika tulikokuita kifo kulikuwa ni kujiokoa.

Tulianza kwa kupima mambo yalivyo. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi 31 chumbani. Kwa kutumia programu inayosoma vipimo vya prosesa, tuliona nyuzi 57 kompyuta ikiwa haina kazi. Tulipoendesha mchezo kwa dakika 15, joto lilifika nyuzi 100, ambazo ndizo kikomo cha prosesa ile, na mwendo ukashuka kutoka gigahezi 4.2 hadi 2.6. Tukawekeana sharti kwamba kila jaribio litakuwa na mchezo uleule na dakika zilezile, na kwamba tutabadilisha jambo moja tu kila mara. Ni sisi, mkufunzi, tuliotaka kufuta vumbi na kubadili pesti kwa mkupuo mmoja ili tumalize mapema. Mwanachuo akauliza, "Likishuka, mwalimu, tutajua limeshuka kwa lipi?"

Jaribio la kwanza lilikuwa kuitoa kompyuta kabatini na kuiweka mezani, ikiwa na nafasi ya shubiri moja kila upande. Kipimo kilibaki nyuzi 100. Tulikuwa tayari kuandika kwamba hakuna faida, lakini safu ya pili ya daftari ilionyesha kuwa mwendo umepanda hadi gigahezi 3.1. Prosesa ilikuwa imepata nafuu, nayo ikaitumia nafuu hiyo kufanya kazi zaidi badala ya kupoa. Hapa pana fundisho kubwa: kipimo kimoja chaweza kuficha maendeleo ambayo kipimo kingine hukidhihirisha.

La pili lilikuwa vumbi. Tulizima umeme, tukachomoa waya, tukafungua sanduku. Mabamba ya kipozeo yalikuwa yamefunikwa na utando mnene kama pamba. Tuliyapuliza kwa blowa ya fundi, huku tukizuia feni kwa kidole zisizunguke kwa kasi ya kupita kiasi na kuharibika. Joto lilishuka hadi nyuzi 96, na mwendo ukarudi gigahezi 4.2.

La tatu lilikuwa wazo la mwanachuo: kuliacha sanduku wazi ubavuni. Alitarajia mabadiliko makubwa, lakini joto lilipungua nyuzi 2 tu. Tuliandika matokeo hayo kama yalivyo, tukarudisha kifuniko, maana sanduku lililo wazi huingiza vumbi, na feni za mbele na za nyuma hupangwa ili hewa iingie upande mmoja na kutokea mwingine.

La nne lilikuwa pesti. Tulipokiondoa kipozeo tuliikuta imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Kazi ya pesti ni kujaza mianya midogo isiyoonekana kati ya vyuma viwili, kwa sababu mianya hiyo ikiachwa hujaa hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Lakini pesti nayo haiifikii shaba, na ndiyo maana haifai kupakwa kwa wingi. Tulifuta ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi, tukaweka tone moja mfano wa punje ya mbaazi, tukakaza skrubu kwa kupishanisha pembe ili kipozeo kikae sawasawa. Joto lilishuka hadi nyuzi 81.

La tano halikuhusu chuma. Kioo chetu huonyesha picha 60 tu kwa sekunde, ilhali mashine ilikuwa ikichora zaidi ya 100, nyingine zikipotea bure. Tuliuwekea mchezo kikomo cha picha 60, na joto likawa nyuzi 72. Hatukwenda mbele zaidi. Feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa inayoipuliza, na hewa yetu ya pwani ni ya moto. Kompyuta hiyohiyo ingepata nafuu kubwa kule Njombe bila mtu kuigusa.

Sasa turudi kwenye hukumu yetu. Ni kweli kwamba mchezo huipa prosesa kazi nyingi, lakini kompyuta ile iliundwa kwa kazi hiyo. Aliyeifungia kabatini ni sisi. Aliyeiacha bila kufuta vumbi tangu inunuliwe ni sisi. Mwanachuo tuliyemfukuza alikuwa amefanya tuliyomruhusu, kwa saa tulizompangia. Kwa kuwa tulimshutumu mbele ya wenzake, hatukuona haki kumwomba radhi faraghani. Jumamosi iliyofuata tuliwakusanya walewale, tukawasomea daftari kuanzia kipimo cha kwanza hadi cha mwisho, tukamtaka radhi. Tulihofu kwamba heshima yetu itapungua. Tulichokiona ni kwamba tangu siku ile wanachuo huja kutuuliza maswali waliyokuwa wakiogopa kutuuliza.

Huenda msomaji akasema shule atakayopangiwa haina kompyuta. Haidhuru. Chukua vikombe vitatu vya bati vilivyo sawa, utie maji ya moto yasiyochemka, kiasi kilekile. Kimoja kiache peke yake, cha pili kizungushie kanga, cha tatu kipepee kwa upepeo. Watoto wasome kipimajoto kila dakika 2 na kuandika. Wataona kipi kinawahi kupoa, na pia kwamba kila kikombe hupoa upesi mwanzoni na polepole kadiri kinavyoukaribia ujoto wa chumba. Jambo ambalo Isaac Newton alilieleza katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1701. Waulize kwanza wanatarajia nini, wala usifute ubashiri uliokosea.

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha utakutana na mtoto anayesinzia, na mwingine asiyeandika. Jina la mvivu litakuwa limekwisha kukujia mdomoni. Kabla hujalitamka, uliza ameamka saa ngapi, ametembea maili ngapi, amekula nini, na kutoka alipoketi anaona ubao au haoni. Andika majibu, badilisha jambo moja, kisha utazame tena.