Pigo la Kumi na Moja

Wengi wa wenzangu hapa shuleni hudhani ya kuwa gofu ni mchezo wa matajiri tu, na kwamba hesabu zake hazimhusu mtoto wa mkata majani. Mimi pia nilidhani hivyo mpaka likizo ya Agosti iliyopita.

Baba yangu ameajiriwa katika kiwanja kimoja cha gofu. Kazi yake ni kukata majani na kusawazisha mchanga. Siku ya Jumatatu wenye kiwanja huwa wachache, basi wafanyakazi na wabeba fimbo huruhusiwa kucheza. Jumatatu moja walikuwa na mashindano yao, na zawadi ya mshindi ilikuwa blanketi mbili. Waandishi wa kadi hawakutosha, kwa hiyo karani wa kiwanja aliniita akaniagiza nifuatane na Baba, niyaandike mapigo yake.

Kwa ajili ya msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kidogo. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Kila shimo lina kipimo chake, yaani idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutazamiwa kuyatumia. Aghalabu huwa 3, 4 au 5. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi. Lakini kwa kuwa wachezaji hawalingani, kila mmoja hupewa nafuu yake, nayo huitwa handikapu. Katika kiwanja kile Baba alistahili nafuu ya mapigo 18, maana yake pigo moja kwa kila shimo. Kwa njia hiyo mkata majani huweza kushindana na bingwa, na asiwepo wa kuonewa wala wa kupendelewa.

Tulianza vizuri. Mashimo sita ya kwanza Baba alicheza kwa utulivu, nami nikaanza kuziona zile blanketi kitandani kwa mama. Kisha tukafika shimo la saba, ambalo kipimo chake ni 4. Pigo la kwanza likaenda mitini. La pili likautoa mpira. La tatu likautumbukiza bwawani, na adhabu yake ni pigo moja, ikawa manne. Akapiga tena, ukaingia bwawani tena, na adhabu tena, yakawa sita. La saba likavuka maji lakini likaangukia mchangani. La nane likarusha mchanga tu, mpira ukabaki pale pale. La tisa likautoa, na kwa mapigo mawili mengine ukaingia shimoni. Jumla ni 11.

Wenzake walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Nilimtazama Baba akifuta fimbo kwa kitambaa bila kusema neno, na moyo ukaniuma. Nikainama juu ya kadi, nikaandika 8.

Mchezo ulipokwisha Baba alikaa chini ya mti, akaniambia, "Haya, mwanangu, nisomee kabla sijatia sahihi." Nikasoma. Nilipofika shimo la saba nikasema, "Nane." Akanyamaza. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mitini, kutoka, bwawani, adhabu. Alipofika 11 akaniuliza, "Haya matatu umeyapeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Akasema, "Futa, uandike yaliyo kweli." Nikafuta, nikaandika 11, na jumla ikawa 97.

Tulipompelekea karani ile kadi, aliiona alama ya kufutwa akauliza kulikoni. Baba akamjibu, "Kijana alinihurumia." Karani ni mtu mzima mwenye miwani, mpole wa maneno. Alinivutia kiti akanieleza mambo mawili ambayo sitayasahau.

La kwanza, kama kadi ingerudishwa na kutiwa sahihi ikiwa na 8 mahali pa 11, Baba angeondolewa kabisa katika mashindano. Sheria husema kwamba anayerudisha hesabu iliyo ndogo kuliko mapigo yake ya kweli amejitoa mwenyewe. Huruma yangu ingemwaibisha mzazi wangu mbele ya watu anaofanya nao kazi kila siku.

La pili lilinishangaza zaidi. Tangu Januari 2020 nchi nyingi hufuata mfumo mmoja wa handikapu, uliotungwa na R&A ya St Andrews, Scotland, pamoja na chama cha gofu cha Marekani, USGA, badala ya mifumo sita iliyokuwapo kwanza. Katika mfumo huo, shimo lililoharibika halihesabiwi lote wakati wa kutafuta handikapu. Kila shimo lina kikomo: kipimo chake, ongeza 2, ongeza mapigo ya nafuu ambayo mchezaji anayapata pale. Kwa Baba ilikuwa 4 na 2 na 1, yaani 7. Katika mashindano 11 hubaki 11, lakini katika hesabu ya handikapu husomwa 7. Basi hata ile 8 yangu ingesomwa 7! Nilidanganya ili nimwokoe Baba na jambo ambalo sheria ilikuwa imekwisha kumwokoa nalo.

Akachukua karatasi. Mapigo 97 yakawa 93. Kiwanja kile kimepimwa 71.0 kwa mchezaji hodari, na ugumu wake ni 120, ambapo 113 ndio ugumu wa kawaida. Akatoa 71 katika 93, akapata 22. Akazidisha kwa 113, akagawanya kwa 120, akapata 20.7. Bila kikomo ingalikuwa 24.5. Kisha akasema kwamba matokeo kama hayo 20 ya mwisho huwekwa pamoja, yakachaguliwa 8 yaliyo bora, na wastani wa hayo ndio msingi wa handikapu.

Nikamwuliza kwa nini 11 isomwe 7. Akajibu kuwa sababu ni mbili. Shimo moja baya halionyeshi uwezo wa mtu. Tena wapo wajanja wanaoharibu shimo kwa makusudi ili wapewe nafuu kubwa, wapate kushinda siku nyingine. Kikomo kile humhurumia mkweli na kumzuia mlaghai kwa wakati mmoja.

Baba hakupata blanketi. Tulirudi kwa miguu, jua likizama, na njia nzima nilikuwa nikifikiri juu ya jambo jingine. Muhula ule nilikuwa nimepata 18 kati ya 100 katika jaribio moja la Fizikia, nami nilimwambia Baba nimepata 48. Tulipofika mtoni nikasimama, nikamwambia kweli. Nilitazamia hasira. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Vema. Sasa tunajua pa kuanzia." Tukaendelea na safari.

Wanafunzi wenzangu, hapa shuleni hakuna mwalimu atakayeipunguza makali alama yetu mbaya kama karani alivyopunguza lile shimo. Hata hivyo, jaribio moja si mwanafunzi mzima, kama vile shimo la saba halikuwa mchezo mzima wa Baba. Kuteleza si kuanguka. Lakini karani hawezi kusahihisha hesabu asiyoletewa, na mwalimu hali kadhalika. Siku hizi nikipata alama ndogo huipeleka nyumbani kama ilivyo, na jioni huketi na mwalimu wangu wa Fizikia. Jaribio la mwisho nilipata 41. Ni 41 ya kweli.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne