Siku niliyofananishwa na ayala mwituni

NILIPOUSIKIA mngurumo ule kwa mara ya kwanza, nywele zilinisimama. Ulikuwa usiku wa manane, baridi ikipenya hadi kwenye mifupa, nami nimejikunyata ndani ya mfuko wa kulalia kama kifaranga. Lau ningekuwa Maasai Mara ningeapa kwamba simba yuko mlangoni.

Lakini sikuwa Mara. Nilikuwa New Zealand, nchi isiyo na simba, chui wala hata nyoka.

"Lala, ndugu yangu," rafiki yangu akaninong'oneza kwa Kiswahili kutoka kitanda cha juu. "Huyo ni ayala. Anatafuta mke."

Rafiki huyo tulisoma pamoja shule ya upili. Siku hizi ni muuguzi katika jiji la Christchurch, na ndiye aliyenialika kumtembelea. Sikujua kwamba matembezi yenyewe yangenifikisha kwenye kibanda cha mbao katikati ya msitu, pamoja na wenzake wawili waliozaliwa huko: seremala mmoja na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Wote watatu ni wawindaji.

Safari yetu ilianza alfajiri ya siku moja katikati ya Aprili. Tuliendesha gari kwa muda wa saa mbili unusu hivi hadi Lewis Pass, mahali barabara inapokatiza safu ya milima iitwayo Southern Alps. Hapo tukaliacha gari, tukabeba shanta zetu na kufuata mto.

Msomaji, usidhani ni matembezi ya Uhuru Park. Kwa saa tano tulipanda na kushuka katikati ya miti ya bichi iliyovikwa kuvumwani kuanzia shinani hadi matawini. Mara nne tulivuka mto, maji ya barafu yakitufika mapajani, tumeshikana mabega kama watoto wachezao gari-moshi. Mito ya huko si ya kufanyiwa mzaha. Katika karne ya 19 watu wengi mno walikufa maji hata kuzama kukabandikwa jina la kifo cha New Zealand.

Kibanda tulichofikia kilikuwa na vitanda sita, jiko la kuni na daftari kubwa mezani. Kila anayefika huandika jina lake, siku aliyofika na upande anaokusudia kwenda. Asiporudi, wanaomtafuta huanzia hapo. Idara ya Uhifadhi ya nchi hiyo ina vibanda kama hivyo zaidi ya 900, na kibali cha kuwinda katika ardhi nyingi za umma hutolewa bure.

Mgeni aliyekataa kuondoka

Wengi wetu tunamjua ayala kwa kumsoma tu katika Zaburi. Kusini mwa Sahara hayupo. Ni mnyama wa rangi ya hudhurungi inayoelekea wekundu, na dume lake laweza kupita kilo 100. Pembe zake si kama za swala au pofu wetu, ambazo hazing'oki maishani. Za ayala zina matawi kama mti, hudondoka kila mwaka na kuota upya katika muda wa miezi michache. Ni dume tu mwenye pembe hizo.

Hata New Zealand si kwao. Kabla ya binadamu kufika, nchi hiyo haikuwa na mnyama yeyote wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo. Walowezi wa Kiingereza ndio waliomleta ayala mwekundu kutoka kwao, wakianza mwaka wa 1851, ili wapate mchezo wa kuwinda.

Mgeni akapapenda. Hakuna simba wa kumkimbiza, na majani hayaishi. Alizaana hata akaanza kuimaliza miche ya msitu na kuacha miteremko uchi, udongo ukiporomoka mitoni. Kufikia 1931 serikali ilikuwa ikiwaajiri wanaume wa kukaa mwituni miezi mingi wakimuua. Katika miaka ya 1960 na 1970 helikopta zilitumika kumwinda ili nyama yake iuzwe ng'ambo. Baadaye wengine walinaswa hai na kufugwa mashambani kama ng'ombe.

Hapo ndipo mimi Mkenya nilipolazimika kufikiri upya. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na nimekua nikijua kwamba mwenye bunduki porini ni ama askari wa wanyama ama jangili. Kule, mwalimu wa watoto wadogo ananiambia kwamba kumpunguza ayala ni kuulinda msitu. Kila mahali na sheria yake, na kila sheria na sababu yake.

Rangi ya machungwa

Jioni ile seremala aliniita kando, akanipa fulana isiyo na mikono, ya rangi ya machungwa inayowaka kama taa.

"Usiivue," akasema. "Na usitoke peke yako bila kumwambia mtu."

Nikaitikia. Laiti ningalitii!

Kulipokucha tuligawanyika wawili wawili. Mimi na mwalimu tulipewa upande wa kushoto wa kijito; seremala na rafiki yangu wakashika wa kulia. Majira hayo, kuanzia mwisho wa Machi na kuendelea Aprili, madume hunguruma kugombea majike. Mwindaji hujibu kwa kunguruma ndani ya pembe ya ng'ombe au kipande cha mpira wa mashine ya kufyonza vumbi, ili dume lidhani limeingiliwa na mpinzani, lije.

Jua lilipochomoza nilihisi joto. Nikaivua fulana, nikaitia katika shanta, nikabaki na sweta langu la hudhurungi. Mwalimu alikuwa ametangulia hatua kadhaa, akitazama mlima kwa darubini. Nikabanwa na haja ndogo. Kwa haya zangu sikumwambia. Nilijipenyeza tu vichakani.

Niliporudi, njia sikuiona. Nikashuka nikidhani naelekea kwa mwalimu, kumbe navuka kijito kuelekea upande wa pili. Nilikuwa nimeinama, nikipasua manyasi kwa mikono, matawi yakivunjika chini ya miguu yangu. Mbele yangu dume likanguruma. Nikasimama kimya, nikifurahi kwamba nitamwona.

Halikuwa dume. Alikuwa seremala na mpira wake.

Nilipoinua kichwa nilimwona kama hatua arobaini kutoka nilipokuwa. Darubini ilikuwa machoni, bunduki imening'inia begani. Alinitazama kwa muda. Kisha akaishusha darubini polepole, akaketi juu ya gogo, akafunika uso kwa viganja.

Nilipomfikia hakunigombeza. Alitoa risasi moja baada ya nyingine kutoka kwenye bunduki, akazitia mfukoni.

"Leo basi," akasema. Tukarudi kibandani.

Rafiki yangu ndiye aliyenisema, tena kwa Kiswahili ili maneno yaniingie. "Ningemwambia nini mama yako?" akaniuliza. Sikuwa na jibu.

Usiku, chai ikichemka, seremala alinieleza. Masikio yake yalisikia ayala. Macho yake yaliona rangi ya ayala ikitembea kama ayala. Moyo wake, uliotembea saa tano kumtafuta ayala, ulikwisha amini. Lakini sheria mojawapo ya wawindaji wa nchi hiyo ni kwamba ukiona kitu chochote, kwanza kihesabu kuwa ni mtu hadi usiwe na shaka hata chembe. Ndiyo maana hutazama kwa darubini ya mkononi, wala si kwa ile iliyo juu ya bunduki, maana hiyo humwelekezea mwenzako mtutu.

"Wanaopigana risasi humu mwituni si maadui," akasema. "Ni marafiki waliokunywa chai pamoja asubuhi."

Siku ya tatu mwalimu alimpata dume mdogo ng'ambo ya kijito. Risasi ilikuwa moja. Walimchuna hapo hapo, usubi wakituuma kila mahali palipo wazi, tukagawana mizigo. Mimi nilipewa paja, na nilipolala siku hiyo mabega yalikuwa yakiwaka moto. Seremala alibeba kichwa chenye pembe mgongoni. Kabla ya kuondoka alikizungushia kitambaa cha rangi ya machungwa, mwindaji mwingine asije akaziona pembe zikitembea akafyatua.

Nilikuwa nimevaa fulana yangu. Niliivaa hadi kwenye gari, nikaivaa ndani ya gari, na rafiki yangu anadai kwamba nililala nayo Christchurch.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Siku hizi nawabishia kidogo. Ile yangu ilikuwa na kinga, nami niliikunja nikaitia ndani ya shanta. Kilichoniokoa ni mtu aliyekataa kuamini alichotamani kukiona.