Ukanda na Kura: Wilaya ya Kwanza ya Chicago

Mpaka wa uchaguzi ni mstari usioonekana kwa macho. Mtu huweza kuuvuka akienda sokoni, au akienda kumjulia hali jirani, asijue kuwa ametoka kwa mjumbe mmoja na kuingia kwa mwingine. Hauna ukuta, hauna mto wala bonde; una karatasi na wino tu. Lakini mjini Chicago, ambako nilikaa miaka miwili ya masomo, nilijifunza kwamba wino huo huweza kufuata ukuta ambao watu walijengewa na wenzao, na kwamba ukuta ule ule huweza kuwapa waliofungiwa ndani yake nguvu ambayo waliowafungia hawakuikusudia kamwe. Habari ninayotaka kuieleza ni ya Wilaya ya Kwanza ya Illinois, iliyo upande wa kusini wa mji huo. Natumia neno wilaya kwa makusudi. Katika nchi zetu wengi wangesema jimbo la uchaguzi, lakini Wamarekani wana majimbo 50, Illinois likiwa mojawapo, na kila jimbo hugawanywa katika wilaya kwa kadiri ya watu wake, kila wilaya ikapeleka mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 435.

Chicago imelala ufukoni mwa Ziwa Michigan, juu ya nchi tambarare kama meza. Barabara za kusini zinazokata mashariki hadi magharibi zimepewa namba badala ya majina, na kutoka barabara ya 31 kila barabara 8 ni mwendo wa maili moja, hata mgeni hupotea kwa shida. Mashariki liko ziwa, magharibi ziko reli, na katikati, kando ya barabara iitwayo State Street, ulikuwapo ukanda mrefu na mwembamba ambao watu wa mji waliuita Ukanda Mweusi. Wenyeji wake baadaye wakaupa jina la fahari zaidi, Bronzeville. Niliutembea kwa miguu mara nyingi. Karibu na barabara ya 26 iko sanamu ya shaba iliyochongwa na Alison Saar na kusimamishwa mwaka 1996: mtu aliyeshika sanduku la safari, ameelekea kaskazini, na suti yake yote imefanywa kwa soli za viatu vilivyochakaa. Sijaona mahali pengine ambapo uhamaji wa watu umeelezwa kwa ufupi namna ile.

Watu hao walitoka Mississippi, Louisiana, Alabama na kwingineko Kusini kwa garimoshi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilizuia wafanyakazi wa Ulaya wasije, na machinjio na viwanda vya chuma vikawa na njaa ya mikono. Kule Kusini mtu mweusi alilima pamba ya mwingine, alinyimwa kura, na aliweza kunyongwa na kundi la watu bila ya hukumu. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa mwaka 1905 na Robert Abbott, liliwaita waje. Mwaka 1910 watu weusi wa Chicago walikuwa 44,000 hivi. Mwaka 1930 walikuwa karibu 234,000.

Waliongezeka watu, ukanda haukuongezeka kwa kadiri yao. Julai 1919 kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alizama ziwani karibu na ufuko wa barabara ya 29 baada ya mzungu mmoja kumtupia mawe kwa kuwa alielea upande uliohesabiwa kuwa wa wazungu. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na wazungu 15. Baada ya hapo ukuta ulijengwa kwa kalamu. Wenye nyumba walitiana saini mikataba ya kutouza wala kupangisha nyumba zao kwa mtu mweusi, na mikataba hiyo ilipata nguvu mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipokataza utekelezaji wake mwaka 1948. Ndani ya ukanda nyumba moja ya familia ilikatwa vipande, na watu sita au zaidi wakaishi katika chumba kimoja chenye jiko dogo, wakishiriki choo na wapangaji wengine, kwa kodi kubwa kuliko aliyolipa mzungu kwa nyumba iliyo bora. Haya lazima yatajwe kabla ya kura, maana kura ya wilaya hii ilitoka katika vyumba vile.

Sasa hesabu yake ni hii. Kaskazini mtu mweusi aliruhusiwa kupiga kura. Watu waliosongamanishwa mahali pamoja, wote wenye haki ya kura, huwa wengi katika sehemu yao hata kama ni wachache mjini. Na mipaka ya wilaya za Illinois ilichorwa mwaka 1901, kabla ya uhamaji mkubwa, kisha ikaachwa bila kuguswa mpaka mwaka 1947. Hapana aliyeketi akachora wilaya ya watu weusi. Wilaya ilikuwapo tayari, nayo ilishika hata kitovu cha biashara cha mji pamoja na maduka na mabenki yake. Watu waliingia wakaijaza kama maji yajazavyo mtungi.

Mjumbe wake wa siku nyingi, Martin Madden, alikuwa mzungu wa chama cha Republican na mwenye sauti kubwa katika fedha za serikali. Alifariki Aprili 1928, palepale katika chumba cha kamati yake. Chama kilimweka mahali pake Oscar De Priest, mzaliwa wa Alabama, aliyeanza kazi Chicago kwa kupaka rangi nyumba na aliyekuwa diwani wa kwanza mweusi wa mji huo mwaka 1915. Alishinda Novemba kwa tofauti ndogo ya kura. Tangu mwaka 1901 hapakuwa na mtu mweusi katika Bunge la Marekani, na kutoka majimbo ya Kaskazini hakuwa amepata kuwapo hata mmoja. Siku ya kuapishwa ilihofiwa kwamba wajumbe wa Kusini wangesimama kumpinga, basi Spika Nicholas Longworth akawaapisha wajumbe wote kwa mara moja, asipatikane aliyekwisha apa wa kumzuia mwenzake. Hila hiyo ndogo ya adabu naipenda kuliko hotuba nyingi.

De Priest alichaguliwa na wilaya moja, lakini alibeba mzigo wa watu weusi milioni 12, maana wengi wao kule Kusini hawakuwa na kura wala mjumbe wa kumwandikia. Hapa ndipo ninapoiona maana ya kwanza ya wilaya hii: mitaa michache iliyosongamana ilikuwa mdomo wa taifa zima lililofumbwa mdomo.

Alikuwa Republican kwa kuwa Lincoln alikuwa Republican, na wapiga kura wake vivyo hivyo. Mwaka 1932, nchi ilipomtupa Hoover, watu weusi wa Chicago kwa wingi wao walibaki naye. Njaa ilikuja kufundisha somo jingine. Msaada na kazi za serikali ya Roosevelt zilifika mlangoni, De Priest alizikataa kwa maneno, na mwaka 1934 akashindwa na Arthur Mitchell, mtu mweusi wa kwanza kuingia Bunge hilo kwa chama cha Democratic. Tangu siku hiyo kiti hakijarudi kwa Republican. Wapo wanaosema wapiga kura hawa hufuata chama kwa upofu. Nadhani waliohama kutoka chama cha ukombozi wao, na kukaa katika kile kilichokuwa chama cha mabwana wa Kusini, walikuwa na macho makali sana.

Juu ya William Dawson, aliyeshika kiti tangu mwaka 1943 hadi alipofariki mwaka 1970, nafsi yangu imegawanyika. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Baraza, mwaka 1949. Mwaka 1951 alisimama kupinga kifungu ambacho kingewaruhusu askari kuchagua vikosi vya rangi yao peke yake, na kifungu kikaanguka. Nyumbani, hata hivyo, alikuwa gurudumu la mtambo wa chama ulioendeshwa na Meya Richard Daley. Mtu wa chama katika kila mtaa aliwajua watu wake kwa majina. Aliwatafutia kazi ya posta, hospitali, au makaa wakati wa baridi, nao walilipa kwa kura. Mwaka 1963 ni kura za kata hizo zilizomwokoa Daley. Na mji ulifanya nini? Ulijenga nyumba za umma palepale ndani ya ukanda wa zamani: Robert Taylor Homes, majengo 28 ya ghorofa 16 kando ya State Street, yaliyokamilika mwaka 1962, ili waliomo wasitoke. Kura zilibaki pamoja, na Dawson hakupiga kelele. Mjumbe ambaye kiti chake kimesimama juu ya msongamano wa watu ana sababu gani ya kuubomoa msongamano huo?

Aliyevunja ukimya alikuwa Ralph Metcalfe, mkimbiaji aliyefuata nyuma ya Jesse Owens katika mita 100 huko Berlin mwaka 1936. Aliinuliwa na mtambo ule ule, lakini mwaka 1972 alifarakana na Daley kwa ajili ya ukatili wa polisi dhidi ya weusi. Mwaka 1976 Daley alimtafutia mpinzani, na Metcalfe akamshinda kwa kishindo. Watu walionja kwamba kura ya deni hugeuka kura ya hiari. Kutoka katika ladha hiyo alitoka Harold Washington, aliyetwaa kiti mwaka 1980 na kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago mwaka 1983.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu yao ya kuikumbuka wilaya hii. Mwaka 2000 seneta kijana wa jimbo, mwana wa baba Mkenya, alijitosa katika mchujo wa Democratic dhidi ya Bobby Rush, aliyekuwa zamani kiongozi wa Black Panther. Rush alipata asilimia 61 hivi, Barack Obama 30 hivi. Wilaya ilimwona mgeni wa chuo kikuu. Haikuwa na haja ya mtu wa kupendwa na nchi nzima, ilikuwa na haja ya mtu wake. Miaka 8 baadaye wilaya hiyo hiyo ilimpa kura zaidi ya asilimia 80 za urais.

Mwaka 2014 nilipangisha chumba karibu na Cottage Grove. Jirani yangu alikuwa bibi mzee aliyepiga kura yake ya kwanza wakati wa Dawson. Nilimwuliza wilaya yake inaishia wapi, akacheka. "Mwanangu," akasema, "zamani niliweza kukuonyesha kwa kidole. Tulikaa pamoja kwa kuwa tulikatazwa kwingine. Sasa wanangu wameruhusiwa na wamekwenda, mmoja kitongojini, mmoja Georgia, nami nimebaki hapa na kura yangu."

Maneno yake yamo katika hesabu za watu. Mwaka 1980 watu weusi wa Chicago walikuwa karibu 1,200,000. Mwaka 2020 hawakufika 800,000. Robert Taylor Homes zilikwisha bomolewa mwaka 2007, na State Street ina viwanja vya majani mahali palipokuwa na maelfu ya madirisha. Lakini sheria hutaka kila wilaya ya jimbo iwe na watu sawa na nyingine, zaidi ya 750,000 sasa, basi kila watu wanapopungua mstari husukumwa mbele. Ulisukumwa kusini-magharibi hadi katika vitongoji, ukavuka kuingia kaunti ya Will, na katika ramani iliyotumika tangu uchaguzi wa 2022 umefika kaunti ya Kankakee, kwenye mashamba ya mahindi na soya. Wapiga kura weusi, waliokuwa wingi usio na shaka, sasa ni karibu nusu tu. Jonathan Jackson, aliyeapishwa mwaka 2023 baada ya Rush kustaafu, alipokea wilaya ambayo upande mmoja wake huzungumza habari za bunduki mitaani na kodi za nyumba, na upande mwingine bei ya nafaka.

Siwezi kuulilia ukuta ulioanguka, wala sitamani kumrudisha mtu yeyote katika chumba chenye jiko moja ili hesabu ya kura itimie. Lakini siwezi pia kujifanya kwamba hapana kilichopotea. Hesabu ya watu itakayofuata ni ya mwaka 2030, na wachoraji watakapokunjua ramani watalazimika kwenda mbali zaidi kutafuta watu, au kuugawa ukanda wa kale kwa wilaya za jirani.