Mto Mnausoma, Moshi Je?

Barua kutoka Phoenix, Arizona

Ndugu zangu wa Garsen,

Juzi usiku baridi ilinizidi, na Garsen ikanijia moyoni. Nikatoa magogo mawili nyuma ya nyumba, nikayapanga kama ayapangavyo Mama, nikakoka moto, nikavuta kiti. Haujakolea, jirani huyo mlangoni. Nikadhani amekuja kuota nami, nikaanza kumtafutia kiti cha pili. Kumbe amekuja kuniambia kuwa leo kuwasha kuni ni marufuku! Akanionyesha tangazo la kaunti ya Maricopa kwenye simu yake: hewa imechafuka, moto wa kuni hauruhusiwi. Ukikaidi, onyo. Ukirudia, faini. Nikamwaga ndoo ya maji nikalala nimenuna. Mtoto wa Mto Tana kunyimwa moto!

Hasira zilipopoa nikauliza sababu. Phoenix ni mji wa jangwani uliokaa bondeni, milima pande zote. Usiku wa Desemba, pasipo wingu, ardhi hupoa upesi na hewa ya chini hupoa nayo. Ile ya vuguvugu hubaki juu kama kifuniko cha sufuria, na upepo hakuna. Moshi wa magari na wa kuni hupanda kidogo, hugota, kisha humrudia mtu puani. Kwetu dalili ya mvua ni mawingu. Huku, wakati wa baridi, anga tulivu lisilo na wingu ndilo la kuogopwa.

Joto likiingia, mambo hubadilika. Jua huupika moshi wa magari ukazaa gesi ya ozoni, inayokwaruza koo na kubana kifua. Na jua la hapa si la mchezo: mwaka 2023, kuanzia 30 Juni, joto lilipita nyuzi 43 kwa siku 31 mfululizo. Halafu vumbi. Mvua za Julai zinapoanguka, hewa baridi huporomoka nazo, ikigonga ardhi kavu husukuma vumbi mbele yake kama ukuta. Wenyewe huliita haboob, neno la Kiarabu, na wapo walionung'unika kwa nini wasitumie Kiingereza. Ukuta wa 5 Julai 2011 ulipanda kiasi cha kilomita moja na nusu. Udongo wa hapa una kuvu wanaopeperuka na vumbi hilo na kumpa mtu homa na kikohozi cha wiki kadhaa. Mvua ikinyesha barabara, hewa husafika, vichaka vya jangwani vikanukia. Hapo mimi husimama mlangoni nikikumbuka udongo wetu siku ya kwanza ya masika.

Kwa hiyo kila asubuhi watu huangalia rangi ya hewa kwenye simu: ikiwa kijani, toka ukakimbie; ikiwa nyekundu, mtoto asicheze nje. Wao husoma hewa kama sisi tusomavyo mto. Mzee wa Garsen akitazama rangi ya maji na magogo yanayoelea, atakwambia uhamishe mbuzi leo au kesho. Mafuriko ya 2018 na ya 2023 yalitufunza zaidi. Mto tunaujua. Lakini nani kati yenu aliwahi kuuliza hali ya hewa ya jikoni?

Nilipompigia Mama, salamu zilikatika mara tatu kwa kikohozi. “Mama, hicho kifua?” “Aa, moshi tu, mwanangu.” Moshi tu! Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Na sisi tuna misimu yetu: kiangazi ni vumbi la barabara na la mifugo inayoshuka mtoni; masika ni kuni mbichi, mvua nje, mlango umefungwa, mama na mtoto mgongoni ndani ya wingu. Mto ukipanda mnapiga mbiu. Moshi ukipanda mnafuta macho kwa leso.

Basi nisikilizeni, hata kama mtasema nimekuwa Mzungu. Kausheni kuni za masika tangu kiangazi, mziweke darini. Toboeni dirisha jikoni, la juu, upande usiopigwa na mvua. Jiko la makaa lisilale chumbani na watu, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Gesi yake haina harufu na haimwamshi mtu. Nyunyizeni maji uani kabla ya kufagia. Mifuko ya plastiki msiichome, hasa alfajiri hewa ikiwa imetulia. Nanyi madereva wetu: gari likimezwa na vumbi, huku hufundishwa kutoka kabisa barabarani, kusimama, kuzima taa zote na kuondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa, wa nyuma atadhani uko njiani, akufuate akugonge. Ninyi mnawasha zote na kukanyaga mafuta!

Wadogo zangu, dirisha la jiko la Mama ni kazi ya asubuhi moja, na panga mnalo. Nitapiga simu Ijumaa. Nataka nisikie salamu mpaka mwisho.